Ndevu za Mzee wa Wakan

Mulazim Shariffa binti Thabit, ofisa wa polisi ya Maskati, alifika Wakan Alhamisi saa nne asubuhi, gari limejaa vumbi na yeye kajaa hasira. Alibakiwa na siku moja na nusu. Jumamosi asubuhi faili la Stefania lingekwenda kwa waendesha mashtaka, na hapo maji yakishamwagika hayazoleki.

Stefania alikuwa mtumishi wa nyumbani, mwenyeji wa Iringa, na wiki ya sita hii alikuwa rumande. Alishutumiwa kwamba alfajiri ya Ijumaa, tarehe kumi na mbili Januari 2007, alimsukuma Bibi Kheiria kwenye ngazi za nyumba ya Mawaleh, Maskati, mpaka akafa. Neno lake tangu siku ya kwanza lilikuwa moja: alimwona Thani, mjukuu wa marehemu, akishuka ngazi zile mbio huku bibi kalala chini. Thani naye alikuwa na lake. Alfajiri ile, alisema, alikuwa Wakan, milimani, mwendo wa saa mbili kutoka Maskati, akipiga picha miti ya matunda ya mishmishi iliyopukutika majani kwa baridi. Na picha anayo.

Picha yenyewe ilikuwa mkononi mwa Shariffa, kubwa kama gazeti lililokunjuliwa nusu. Shina lililopinda, matawi matupu, ukuta wa mawe, mfereji wa falaji unaong'aa, na pembeni mzee mmoja wa ndevu nyeupe kainua mkono. Rangi zote zilikuwa za kijivu na buluu, mtu akiitazama anatafuta shuka. Tarehe ya kamera ilisema kumi na mbili Januari. Shariffa hakuitilia maanani hata kidogo, kwa sababu saa ya kamera hata mtoto wa darasa la pili huirudisha nyuma. Kilichomshinda ni miti. Maskati miti haipukutiki. Ukitaka mti mtupu lazima uende mlimani, na uende wakati wa baridi. Mkubwa wake kazini aliitazama picha mara moja tu akasema, "Miti imetoa ushahidi. Funga faili."

Lakini kulikuwa na jambo dogo lililomkera. Picha aliziomba Jumatatu ya tarehe kumi na mbili Februari, Thani akazileta Jumamosi. Siku tano za kutoa picha kwenye kompyuta iliyo chumbani kwake. Na alipoulizwa picha za asili, kabla hazijahaririwa, alijibu kwamba kazifuta, nafasi haikutosha.

Sasa Shariffa amesimama Wakan kwenyewe, na Wakan ilikuwa inamcheka. Bonde zima lilikuwa waridi. Miti ya mishmishi huchanua kabla ya kuota jani, na yote ilikuwa imechanua, ua juu ya ua, nyuki wamelewa. Wanaume watatu waliokaa barazani waliipokea picha, wakaipitisha mkono kwa mkono, wakairudisha kama mtu anayerudisha chenji ya bandia.

"Mti tunaujua," alisema mmoja kwa Kiarabu. "Huyu mzee hatumjui. Hapa hakuna mzee wa ndevu nyeupe namna hii."

"Hakuna hata mmoja?"

"Mimi nimezaliwa hapa. Wewe umekuja na gari asubuhi hii. Nani anajua?"

Shariffa akashuka ngazi za mashambani akijihesabia hasara. Ikiwa mzee si wa hapa, labda na shamba si la hapa, labda picha ilipigwa kwengine kabisa, mwaka mwengine, na siku moja na nusu haitoshi kuzunguka milima yote ya Oman. Akanung'unika peke yake kwa Kiswahili, "Leo nimekwisha mimi."

"Umekwisha kwa nini, mama?" sauti ikamjibu kwa Kiswahili, nzito, ya bara.

Alikuwa mzee mwenye jembe begani, saruni kiunoni, na ndevu zilizokolea hina, nyekundu mpaka machoni. Jina lake Zahran. Alikuwa na duka la kanga Tabora miaka kumi na moja, tangu hamsini na tatu mpaka sitini na nne, na tangu arudi, alisema, hajapata mtu wa kusemeshana naye Kiswahili ila mbuzi. Shariffa akampa picha. Mzee akaisogeza mbali, akaileta karibu, akaguna.

"Huyu ni mimi," akasema. "Lakini nani kaniosha hina yangu?"

Shariffa akaitazama picha, akamtazama mzee, akaitazama picha tena. Mkono ulioinuliwa ulikuwa wa rangi ya majivu. Midomo ilikuwa ya rangi ya majivu. Hata udongo, ambao hapo chini ya miguu yake ulikuwa na wekundu wa matofali, kwenye picha ulikuwa saruji. Buluu haikuongezwa peke yake. Kuna mtu alikaa mbele ya kompyuta akaondoa wekundu wote uliokuwa ndani ya picha ile, hakubakisha hata wa kucha.

"Hina hii umeipaka lini, Mzee?"

"Mwaka wa ishirini sasa. Kila mwezi mke wangu ananipaka. Hata Makka nilikwenda nayo."

"Na kijana aliyepiga picha unamkumbuka?"

Mzee akatema mate pembeni. "Nimkumbuke? Alhamisi iliyopita nilimfukuza. Unaona mkono wangu umekwenda juu? Nina jiwe humo. Maua yalikuwa ndiyo yanaanza. Matumba mengi, mekundu, na machache yamefunguka. Basi yeye akawa anayachuma yale yaliyofunguka, tawi baada ya tawi, anayatupa kwenye falaji yangu. Kila ua moja ni tunda moja, mama. Namwambia acha, ananijibu kwamba anataka mti wa baridi. Mti wa baridi angekuja Januari."

Hapo Shariffa akaelewa. Maua yaliyofunguka yanachumika kwa mkono. Matumba ni elfu kwa elfu, hayachumiki, lakini wekundu wake ukiondolewa yanabaki vinundu vya kijivu, na mtu wa mjini akiviona atasema ni gome la mti. Alihisi furaha kali, ya mtu aliyemnasa mwizi wa kuku kwa manyoya. Ikapungua haraka. Neno la mzee mmoja mwenye ugomvi wa maua lingethibitisha kwamba Thani alikwenda Wakan Februari. Lisingemweka kwenye ngazi za Mawaleh tarehe kumi na mbili Januari. Angesema picha za Januari zilipotea, akaogopa, akarudi kupiga nyengine. Uongo wa mtu mwoga si damu.

"Mzee Zahran," akasema, "kesho utakuja nami Maskati? Nitakurudisha mwenyewe. Ila nna ombi. Tukifika kwa watu hao, Kiswahili chako usikitoe. Sema Kiarabu chako cha mlimani tu, mpaka nikuulize mimi."

"Hao ni watu wa Unguja?"

"Ni wa Unguja."

Mzee akacheka, kwa mara ya kwanza. "Nimekwelewa."

*

Ijumaa baada ya sala, Bi Muhsina, mama yake Thani na binti wa marehemu, alifungua mlango wa nyumba ya Mawaleh akasimama katikati yake.

"Hodi ya tatu hii, Shariffa. Hata mwezi haujesha."

"Ya mwisho, inshallah, Bi Muhsina."

"Mamaako anajua unayotufanyia? Tulikaa nae mtaa mmoja Malindi, Unguja. Mama yangu ndiye alompamba siku ya harusi yake. Leo we waja nyumbani kwetu na karatasi kwa ajili ya mtumishi."

"Nnakuja kwa ajili ya aliyekufa."

"Alokufa tushamzika."

Wakaingia. Kahawa haikuja. Katika nyumba ya Maskati mgeni hata akiwa adui hutiliwa kikombe, kwa hiyo Shariffa alijua alipowekwa. Hakujali. Alimwacha Mzee Zahran garini na askari, akaomba kuonana na Thani chumbani kwenye kompyuta.

Thani alikuwa na miaka thelathini na nne, mrefu, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Alipiga picha za vitabu vya watalii na alipenda kuulizwa mambo ya kazi yake kuliko alivyopenda watu. Ugomvi wake na bibi yake ulijulikana na wote: Bibi Kheiria alitaka nyumba yake nyengine, ya Matrah, aiweke wakfu, Thani akitaka iwe studio yake.

"Mie sijui haya mambo," Shariffa alisema, akaiweka picha mezani. "Nifundishe. Picha hii umeibadilisha?"

"Kila picha hubadilishwa. Kamera haioni kama jicho."

"Umefanya nini hasa?"

Akashika kipanya, akafungua picha kwenye skrini, uso umechangamka kidogo. "Baridi haipigwi picha. Inatiwa. Hapa nimeongeza buluu kwenye vivuli. Hapa nimepunguza mwangaza. Mti mtupu ukiuacha na rangi zake unaonekana mti uliokufa. Ukiutia buluu unaonekana umelala. Wengi hawalijui hilo."

"Na rangi nyekundu?"

"Ipi?"

"Naona kipimo chake hapo, chini ya buluu. Hujaigusa?"

Kipanya kilisimama. "Sikuigusa. Niiguse ya nini? Mti mtupu una nyekundu gani?"

"Ndilo nnalouliza. Na huyu mzee?"

"Mkulima. Alikuwa akinisalimia."

"Ndevu zake zilikuwa nyeupe hivi hivi? Si wewe uliyezitia baridi?"

"Nyeupe kama unavyoziona," Thani alisema. "Umekuja kuuliza ndevu?"

Shariffa aliandika swali na jibu, swali na jibu, kwa mwandiko mkubwa, akamsogezea karatasi. Thani aliisoma, akatabasamu kwa dharau, akatia saini. Shariffa akaikunja, akamwomba atoke chumbani, akafunga mlango kwa ufunguo na ufunguo akautia mfukoni. Kisha akamwita askari amlete mgeni.

Mzee Zahran aliingia sebuleni na ndevu zake nyekundu, akalitazama zulia, akavua viatu taratibu. Thani alibadilika rangi bila kompyuta.

"Huyu ndiye aliyekuwa akikusalimia?" Shariffa aliuliza kwa Kiarabu.

"Sijui. Huyu ana hina. Kapaka juzi."

"Miaka ishirini," Mzee Zahran alisema kwa Kiarabu cha milimani, kikavu. "Na sikukusalimia. Nilikupigia kelele uache maua yangu. Ulichuma matawi matatu, we mtoto. Alhamisi ya wiki iliyopita, siku ya zamu yangu ya maji, maua yako yakaniziba falaji."

"Mzee, miaka inakuchanganya."

"Miaka inanichanganya siku. Haijanichanganya Januari na Februari."

Bi Muhsina akasimama. "Umetuletea mtu wa mlimani atutukane ndani ya nyumba yetu?"

"Nimemleta shahidi," Shariffa alisema. "Thani, nina karatasi yenye saini yako inayosema hukugusa nyekundu, na ndevu hizi zinasema uliigusa. Fundi wetu ataifungua kompyuta. Natoka nje kumpigia simu. Mzee atakaa hapa, jua ni kali. Askari yuko mlangoni. Asiondoke mtu."

Akatoka. Akasimama chini ya kivuli cha ukuta, akapiga simu ambayo kweli aliihitaji, ikamchukua dakika mbili. Dakika kumi nyengine alizitumia kutazama saa. Hakuwa na hakika. Alichokitegemea ni desturi tu. Watu wa Unguja walipofika Oman walikuta Kiarabu chao hakitoshi na Kiswahili chao hakieleweki, na badala ya kuona haya wakakifanya pazia. Miaka thelathini na zaidi walisemeana kwa Kiswahili mbele ya wauza samaki, mbele ya madaktari, mbele ya wakwe wa Kiarabu waliokaa kwenye zulia hilo hilo, na hakuna aliyewashika. Shariffa mwenyewe alilelewa nyuma ya pazia hilo. Mtu akizoea kinga namna hiyo, hafikiri tena kabla ya kuitumia, na mbele yao sasa alikaa mkulima wa jembe na Kiarabu cha mawe.

Dakika ya kumi na mbili akarudi ndani. Bi Muhsina alikuwa kakaa karibu na mwanawe, mkono juu ya goti lake. Mzee Zahran alikuwa kwenye kona ile ile, akizihesabu tasbihi.

Shariffa akakaa, akatoa kalamu, akauliza kwa Kiswahili: "Mzee Zahran, wamesema nini?"

Mkono wa Bi Muhsina ulitoka gotini.

"Wamesema mengi," mzee alijibu kwa Kiswahili cha Tabora, taratibu, kama anayesoma orodha ya mzigo. "Mama huyu alisema, 'Nilikwambia useme ulikuwa umelala, wewe ukaleta miti yako.' Kijana akasema, 'Ningesema nimelala, na yule Stefania kaniona ngazini?' Mama akasema, 'Stefania ni nani hata asikilizwe? Watamrudisha kwao, yatakwisha.' Kijana akasema hakukusudia. Bibi alimshika kanzu, yeye akausukuma ule mkono tu, bibi akaenda. Mama akasema, 'Kanzu nimeifua mwenyewe, nyamaza.' Halafu wakanyamaza. Nafikiri hapo ndipo walipokumbuka kuwa nipo."

Askari mlangoni, ambaye hakujua Kiswahili, alielewa kwa nyuso peke yake, akasogea hatua mbili ndani.

"Unakijua Kiswahili," Bi Muhsina alisema mwishowe. Hakuwa akimwuliza mtu.

"Nimeuza kanga Tabora miaka kumi na moja, mama. Nimedanganywa kwa Kiswahili na watu hodari kuliko nyinyi."

Thani alijaribu kucheka, ikashindikana. Akaanza kusema kwamba neno la mzee mmoja si kitu, kwamba mzee ana chuki naye ya maua, kwamba wakili wake atakuja. Shariffa alimwacha aseme huku akiandika, akamsomea Mzee Zahran maelezo yake, mzee akatia dole gumba na chini yake jina kwa herufi za Kiarabu zilizonyooka. Halafu akauliza kanzu ilipo. Macho ya Bi Muhsina yalikwenda juu, kwenye chumba cha nguo, na aliyeyaona alikuwa mwanawe.

"Mama," Thani alisema. "Si ulinambia umeitupa?"

Bi Muhsina akafunika uso. Ukatoka mguno ambao Shariffa hakuupenda kuusikia, kwa kuwa alikuwa ameusikia mazikoni, nje ya nyumba hii hii, na akauamini.

Walipomtoa Thani, Bi Muhsina alimfuata Shariffa mpaka ukumbini. "Sijaweza kumtupa mwanangu," alisema. "Mama yangu alikuwa keshakufa. Ningefanyaje? Na we umeiuza damu yako kwa mtumishi. Usije ukapita mlango huu hata nikifa."

"Sitapita," Shariffa alisema, na ilimuuma kuliko alivyotegemea.

*

Magharibi ilikuwa haijaingia alipofika rumande ya wanawake. Stefania aliletwa kwenye chumba kidogo chenye meza, akakaa, mikono kaiweka mapajani. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, mnene alipoingia, sasa gauni linampwaya.

"Thani amekamatwa," Shariffa alimwambia. "Kanzu imepatikana. Kesho faili lako haliendi. Ni karatasi za kutia saini tu, halafu utatoka."

Stefania hakulia wala hakushukuru. "Kumbe mmeamini."

"Tumepata shahidi. Mzee mmoja wa milimani. Amewasikia wakisema."

"Amewasikia," Stefania alisema. "Mimi niliona."

"Najua."

"Bibi nilimwogesha miaka sita. Nilipokamatwa, nani aliyeosha maiti?"

"Mwanawe."

"Naomba kukuuliza kitu, afande. Siku ile waliponihoji, wewe ndiye uliyetafsiri. Ulitafsiri vizuri. Nilikusikia, kila jina nililosema ulilisema. Mwishoni yule mkubwa akakuuliza kitu kwa Kiarabu, na wewe ukatikisa kichwa. Nimelifikiria hilo wiki sita. Alikuuliza nini?"

Shariffa angeweza kusema lolote. Hakukuwa na mtu mwengine chumbani mle wa kumsahihisha.

"Aliniuliza kama nakuamini," akasema.

Stefania akaitika kwa kichwa. Akaivuta kalamu iliyokuwa mezani upande wake.

"Lete hizo karatasi," alisema. "Na usinisomee. Aletwe mtu mwengine anisomee."